Mnaouza vifaa vya umeme vya kuunda nyumbani bila ethi wala fyuzi ya maana, mtaua mtu

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kumtetea mtu.

Nimenunua amplifaya ya kutengenezwa kwa mkono kutoka kwa fundi wa hobi ambaye jina lake silitaji hapa. Kwa nje ni kazi safi kabisa: kasha la alumini limepigwa msasa likang'aa, vitufe vizito, herufi zimechongwa vizuri. Nikaichomeka, nikaweka mkono juu ya kasha, vidole vikaanza kuwashwa ule muwasho ambao kila aliyewahi kucheza na umeme anaujua. Nikachomoa, nikafungua skrubu.

Plagi ina pini tatu, na waya una nyuzi tatu. Ule wa kijani na njano, ndio wa ethi, wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, unaingia ndani ya kasha, umekatwa, umezungushiwa utepe mweusi, basi. Haujafungwa popote! Mtu alijua ni waya wa nini, akachukua muda wa kuuviringishia utepe, lakini hakutoboa tundu moja la kuufunga kwenye kasha.

Fyuzi ipo, ila imewekwa upande wa nyutro, waya unaorudisha umeme. Maana yake ikikatika, mashine itazima na wewe utaamini ni salama, kumbe laivu, waya unaoleta umeme, bado imo ndani inakusubiri upeleke bisibisi. Kati ya laivu na kasha kuna kapasita (kijisehemu kinachohifadhi chaji) ya kawaida ya kuondoa kelele. Mahali pale huwekwa kapasita za daraja Y tu, kwa sababu hizo zimeundwa ili zikiharibika ziache njia wazi. Hii ya kawaida ikifa kwa kupiga shoti, kasha zima linakuwa laivu. Na muwasho niliousikia ulitoka hapo hapo: umeme kidogo unavuja kupitia kapasita, na kwa kuwa ethi haipo, unashuka kupitia mkono wa mtu.

Bado. Waya wa ukutani umezuiwa usichomoke kwa kupigwa fundo. Ncha zake zimelowekwa lehemu kisha zikabanwa kwenye skrubu, na lehemu ikibanwa hulegea taratibu, muunganiko unapata joto, siku moja waya unatoka. Ukitoka utagusa nini? Kasha lile lile lisilo na ethi.

Kuna wanaosema "si fyuzi ipo?" Fyuzi ya ampea 2 inalinda nyaya zisiungue, hailindi moyo wako. Sehemu ya kumi tu ya ampea moja ikipita kifuani inatosha kuua, na ndiyo maana zile swichi za kinga zinazohisi umeme unaovuja hupangwa zikate kwenye miliampea 30. Kazi ya ethi ni kuhakikisha laivu ikigusa kasha, mkondo mkubwa unapita papo hapo na fyuzi inakatika kabla mtu hajashika. Ukiondoa ethi, umeondoa mpango mzima.

Nikamwandikia fundi kwa ustaarabu, na picha juu. Jibu lake: yeye si kampuni, anafanya kwa mapenzi tu, na wengine aliowauzia hawajalalamika. Wakuu, mapenzi yanaishia mezani kwako. Ukiunda kifaa ukakitumia mwenyewe, hilo ni lako. Ukishapokea hela ya mtu na mashine yako ikaenda kukaa sebuleni kwake, ambako mtoto atashika kasha, wewe ni muuzaji kama muuzaji mwingine yeyote. Umeme hauulizi kama kifaa kilitengenezwa kiwandani au chumbani.

Kilichonichoma zaidi ni stika ya CE, alama ya Ulaya ya kutimiza masharti ya usalama, nyuma ya kasha. Ndiyo, kwa vifaa vingi alama hiyo mtengenezaji hujiwekea mwenyewe. Lakini akijiwekea anatamka kwamba amefuata masharti na ana faili la kiufundi la kuthibitisha. Kwa vifaa vya sauti kuna kiwango cha kimataifa cha usalama, IEC 62368-1, kilichochukua nafasi ya IEC 60065 ya zamani. Kubandika stika juu ya ethi iliyokatwa ni uongo mtupu, tusiupambe kwa jina jingine.



Ninachodai si cheti cha maabara. Najua gharama zake, na sitaki mafundi wadogo wafukuzwe. Nadai kabla hela haijatoka, mnunuzi aone picha ya ndani, kava likiwa wazi, na mchoro wa saketi. Apewe vipimo: ukinzani kutoka pini ya ethi hadi kasha, ambao unatakiwa uwe kama sehemu ya kumi ya omu, na kipimo cha insulesheni (kinga inayozuia umeme usivuje) kwa volti 500. Multimita ya kawaida haitakupa namba hizo kwa usahihi, lakini angalau itakuambia kama njia ya ethi ipo au haipo. Hata hilo halikufanyika.

Na kama umeme wa ukutani unakushinda, hakuna aliyekulazimisha kuuleta ndani ya kasha lako. Tumia adapta ya kiwandani iliyopimwa, kazi yako ianzie kwenye volti 12. Amplifaya nyingi nzuri ndogo zinaendeshwa hivyo, na hakuna atakayekuona fundi dhaifu.

Hela yangu nimeidai, hajarudisha, hilo nitalifuatilia mwenyewe. Ila wewe fundi, ukisoma hapa: orodha ya uliowauzia mashine hizi unayo. Waandikie leo, uwaambie wachomoe plagi, na usiwaambie ni maboresho tu, waambie ni hatari.

Wengine mliouziwa mashine za mkono, fungueni makava mkiwa mmechomoa na mkishaacha kapasita ziishiwe chaji, wekeni picha hapa chini. Nitazipitia zote.