Kahawa yangu ni daraja AA, lakini waonjaji wameipa alama 78 kati ya 100. Kosa liko wapi?

Mwana_Kihamba:
Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninalima arabika katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la familia, huku Marangu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, yapata meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, mibuni ikiwa chini ya migomba. Msimu huu sampuli yangu ilifika kwa waonjaji, na majibu yamenichanganya: punje nyingi ni za daraja AA, lakini kikombe kimepata alama 78 kwa kuwa na uchachu wa kuvunda, hivyo mnunuzi aliyetaka kahawa ya kuanzia alama 80 hakuichukua. Jirani yangu, ambaye shamba lake liko chini ya langu na ambaye hupeleka matunda mabivu kwenye mtambo wa kikundi badala ya kumenya nyumbani, amepata 84. Je, mwinuko hauna maana tena?

Katibu_wa_Kikundi:
Mwinuko una maana, ndugu yangu, ila kazi yake huishia mtini. Baridi ya usiku huchelewesha tunda kuiva, punje ikapata muda wa kujaza sukari na kukomaa vizuri. Ukishachuma, mlima hauna msaada tena. Hiyo AA nayo hupima ukubwa tu, yaani punje zilizokataa kupita katika matundu ya chekeche namba 18, karibu milimita 7. Chekeche halina ulimi. Tueleze unavyomenya.

Mwana_Kihamba:
Tunachuma mchana, jioni tunamenya kwa mashine ya mkono. Matunda yakiwa machache tunayalaza kwenye gunia hadi kesho yake yafike madebe mawili matatu, kisha kahawa iliyomenywa tunaimimina katika ndoo ileile yenye kahawa ya jana.

Mwonjaji_Moshi:
Basi umejijibu. Tunda lililolala guniani hupata joto na kuanza kuchacha kabla hujaligusa. Halafu katika ndoo moja una kahawa ya siku mbili: ukisubiri ya leo ichachuke hadi imalize kuachia utelezi wake, yaani ute unaobaki kwenye punje baada ya kumenya, ya jana imeshavunda. Nasi mezani tunatumia takriban gramu 8 kwa kila kikombe, kwa hiyo punje moja mbovu inatosha kukiharibu.

Usitegemee saa ulizoambiwa na mtu wa tambarare, kwa sababu huko kwenu baridi hurefusha uchachushaji. Sugua punje kiganjani: zikikwaruza kama changarawe, osha papo hapo kwa maji safi. Zianike kwenye vichanja, uzifunike jua la mchana likiwa kali ili ganda lisipasuke, na usiku kwa sababu ya umande, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 12 au chini yake kidogo. Vichanja visiwe karibu na jiko la kuni. Nimeonja moshi wa jikoni mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mama_wa_Rombo:
Yote ni kweli, lakini tusimlaumu anayemenya nyumbani. Kahawa ya ganda iliyokauka mtu huihifadhi hadi siku ya ada ya shule, ilhali tunda bivu ukishalikabidhi kwa kikundi unasubiri malipo ya pili, ambayo huja yakijisikia. Kwetu, msimu ukipamba moto na mashine ikazidiwa, ziada huenda kwa kikundi. Siku nyingine tunamenya jioni ileile hata kama ni nusu debe, na kila siku ina ndoo yake. Ndoo tatu za ziada hazikutufilisi.

Mwana_Kihamba:
Nimeelewa, asanteni. Nina magunia mawili yaliyobaki. Nikiyachambua kwa mkono, naweza kuyaokoa?

Mwonjaji_Moshi:
Hapana. Punje iliyovunda ikiwa ndani ya ganda huwezi kuitambua kwa macho, na mara nyingi hata baada ya kukobolewa hufanana na nzuri. Yauze pamoja na kahawa ya kawaida, na usiyachanganye na utakayochuma wiki ijayo.