Kikundi chetu cha kuosha miguu ya matende: wanaume tuwapateje, na msimu wa korosho tufanyeje?

BintiMtama:
Habari zenu ndugu zangu wa Kusini. Nipo Mtama, mkoa wa Lindi. Nina swali, ila lazima nianze na mama yangu mzazi.

Mama ana matende mguu wa kushoto tangu mimi nipo darasa la pili. Leo nina watoto wawili. Ukubwa wa mguu tulishauzoea. Tulichokuwa tunakiogopa ni homa. Mara tatu, mara nne kwa mwaka mitoki inapanda, mguu unawaka moto, anatetemeka siku tano chini ya blanketi, palizi imelala. Majirani walisema amekanyaga kitu njiani. Zahanati tuliyokwenda tulipewa vidonge vya maumivu tukarudi. Hakuna aliyetuambia homa inaingilia wapi.

Mwaka jana wakapita wagawa dawa, zile za kumeza mara moja kwa mwaka ambazo unapimwa urefu kwa kijiti. Aliyekuja kwetu ni mama mtu mzima wa kitongoji chetu. Akamwambia mama: "Dada, dawa hizi zinaua vimelea vichanga kwenye damu, mbu asiwabebe kwenda kwa wengine. Mguu wako hazitaurudisha. Mguu wako unataka maji na sabuni." Kisha akaomba beseni, akakaa chini mchangani, akaanza kumwosha.

Nilikuwepo. Alikuwa anafunua kila kikunjo kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayefungua jani la mgomba asilichane. Alipofika kati ya kidole cha nne na cha mwisho akasimama, akaniita nione. Pameoza peupe, pana ufa mdogo mno. Akasema, "Mlango wa homa huu hapa." Akapakausha kwa pembe ya khanga kuukuu, kwa kugusagusa tu, bila kusugua. Mama akaanza kulia. Baadaye aliniambia haikuwa maumivu. Ni miaka mingi hajaguswa mguu ule na mtu asiye wa nyumbani.

Tangu siku ile anaosha asubuhi na jioni. Toka masika mpaka leo homa imempata mara moja tu.

Sasa tupo wanawake tisa. Tunakutana Jumamosi chini ya mwembe, kila mtu na beseni lake, kila mmoja anaosha huku mwenzake anamkagua vidole. Watatu hawajui kusoma, lakini hatua zote wanazo kichwani na wanawafundisha wajukuu wao. Shida yangu: wanaume hawaji hata mmoja, na tunajua wapo wenye mguu na wapo wenye busha, ambalo nalo huletwa na vimelea hivi hivi, wanaojificha. Pia kuna bibi wawili wa ng'ambo ya mto, hawawezi kutembea mpaka huku. Na Oktoba korosho zikianza kuanguka, nani atakuja Jumamosi? Aliyewahi kuendesha kitu kama hiki anisaidie.

NesiWaNewala:
Mdogo wangu, hongera sana. Mimi ni muuguzi, nimestaafu. Mmeanzia mahali sahihi, maana homa ile wanaileta bakteria wanaopenya kwenye nyufa za ngozi. Ongezeni haya kwenye somo lenu. Maji yawe safi na yasiwe ya moto. Mguu uinuliwe kila akikaa, na usiku waweke matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kulalia nyayo, isipokuwa mwenye ugonjwa wa moyo, huyo aulize kwanza. Vifundo vya miguu vichezeshwe juu chini mara kwa mara. Homa ikipanda, mazoezi yote yasimame: mguu upozwe kwa maji ya baridi, mgonjwa anywe maji, apelekwe kituo apate dawa ya kuua bakteria.

Na nawaomba kwa dhati, asichanjwe mtu kwa wembe "kutoa maji". Nimeosha vidonda vya namna hiyo, najua vinavyofika.

Huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya kununua, kwa hiyo tulizoea kumiminia mguu kwa kikombe badala ya kuutumbukiza. Ndoo moja inatosha watu wengi, na hakuna anayeoga maji ya mwenzake. Kwa wale bibi wawili, msingoje waje. Mfundisheni mjukuu mmoja katika kila nyumba.

MzeeWaKisomo:
Nasoma nikiwa Nachingwea. Mwaka 1973 nilikuwa kijana, nikachaguliwa kuongoza kikundi cha "Mtu ni Afya", ile kampeni ya kufundisha afya kwa redio. Wiki kumi na mbili tulikaa kuzunguka redio moja, kipindi kikiisha tunasoma kitabu, halafu tunajadili. Kilichotusaidia ni desturi moja: hatuachani mpaka tumekubaliana kazi ya kufanya kabla ya kukutana tena. Wiki hii kufyeka nyasi, wiki ijayo shimo la choo. Tukirudi, tunaanza kwa kukagua ile kazi.

Kuhusu korosho, msishindane na msimu, mtashindwa. Watu watakuwa ghalani kwenye chama cha msingi wakisubiri kupimiwa, wamekaa juu ya magunia saa nne, saa tano, hawana la kufanya. Na wengi wao ni wanaume. Mwombeni katibu robo saa tu. Wakumbusheni viatu pia. Shambani watu wanaokota pekupeku, na miiba ya porini haimjui mgonjwa.

MsuliWaNyangao:
Binti yangu, suala la wanaume niachie mimi niliseme. Nilificha busha miaka tisa ndani ya msuli. Msikitini nasali safu ya nyuma, harusini siendi. Aliyenitoa ni mwenzangu wa bao. Siku moja alinisogelea akasema, "Mimi nilifanyiwa upasuaji, angalia ninavyokaa." Hakuongeza neno. Kambi ya upasuaji ilipokuja wilayani nikajiandikisha, nikapona, nikaanza tena kupanda baiskeli.

Wanaume hawatakuja chini ya mwembe kukaa na mama zao. Wanataka kusikia kwa mwanaume aliyepitia, mahali wanapokaa wenyewe. Mkipata hiyo robo saa ghalani, niiteni. Nitasimama niseme langu bila kuficha.

BintiMtama:
Shikamooni wazee wangu, na dada nesi ahsante. Nimemsomea mama majibu yote, akanitaka nirudie la ghalani mara mbili. Jana nimeonana na katibu. Ametupa siku ya mnada wa kwanza, kabla mizani haijafunguliwa. Mama amesema atakaa mbele na beseni lake, aoshe mguu watu wakiona.

Kwa wale bibi, Jumamosi hii tunavuka mto watu wanne. Tumeshamjua mjukuu wa mmoja wao, yupo darasa la sita.

Mjomba wa Nyangao, nimekutumia namba yangu faraghani. Mama anauliza utafika kwa gari la asubuhi au utalala? Chumba kipo.