Stika yangu ya kura ndiyo ya kubandikwa kwenye chupa ya pilipili?!

BintiPongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha harusi dakika ishirini zilizopita. Nimekaa ndani ya gari hapa nje ya ukumbi, sijawasha hata injini, mikono inatetemeka. Jina simtaji. Hakuna Mswahili wa Houston asiyemjua, hata aliyeshuka uwanja wa ndege wiki iliyopita keshalishwa hotuba yake. Huyo huyo. Mwenye kipaza sauti.

Kaibandua stika yangu ya kura, ile unayopewa ukishapiga, kifuani kwa kucha zake, akaibandika kwenye chupa ya pilipili. Mbele ya kamati nzima. Halafu akasema, "Haya, na pilipili nayo imeshapiga kura."

Chupa ya pilipili!

Niwasimulie toka mwanzo maana nikinyamaza nitapasuka. Jana Jumanne tarehe 3 Machi 2020, siku ya mchujo wa vyama kutafuta wagombea urais wa Marekani, nimetoka darasani moja kwa moja hadi kituoni, saa kumi na moja jioni. Mashine nimeigusa saa nne na nusu usiku. Foleni ile ungeinyoosha ingefika Tanga mjini na kukata kona kwenda Pongwe. Simu ilizima chaji saa mbili. Na kinachouma, mashine za upande wa Republican zimewekwa sawa kwa idadi na zetu, zimekaa zinameremeta, hazina mtu, msimamizi wao anasinzia, na sisi wa Democrat tumebanana upande huu kama dagaa kwenye gunia.

Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja Mmarekani mweusi, kaja na kiti chake cha kukunja. Miguu imemvimba, lakini kila baada ya muda ananyanyuka, "kaa mwanangu." Nakaa dakika mbili, namrudishia. Kanimegea na ndizi yake. Kaniambia wazi anampa Biden, tangu mbunge Clyburn wa South Carolina alipotamka jina hilo, kwake kesi imekwisha. Nami nikamwambia wazi nampa Sanders. Hakuniita mtoto. Kaniuliza kwa nini. Nikamwambia mama yangu ana pumu, kila mwezi tunakaa mezani kuamua tulipe dawa au tulipe umeme, na mkopo wangu wa chuo nitaumaliza nikiwa na wajukuu. Sanders anasema kila mtu awe na bima na madeni yote ya wanafunzi yafutwe, dola trilioni 1.6. Bibi akatikisa kichwa, akasema anaombea siku hiyo ije, ila anachoogopa yeye ni Trump kushinda tena. Basi. Kiti tukaendelea kupokezana.

Hiyo ndiyo stika niliyoivaa leo kutwa. Nimeivaa darasani, nimeivaa kazini, nikaingia nayo kikaoni.

Mheshimiwa akasimama. Ajenda ilikuwa idadi ya viti, yeye kaingia kwenye siasa. Eti vijana kelele zetu ziko kwenye simu, siku ya kura tumelala. Eti wagombea walikuwa zaidi ya ishirini na tukaenda kumshika babu wa miaka 78. (Wake ana 77! Pengo la mwaka mmoja, anaongea kama vile Biden katoka jando jana!) Eti Buttigieg na Klobuchar wamejitoa, Jumatatu wakaenda Dallas kumuunga mkono Biden, Texas ikafuata, kwa hiyo "watu wazima wameshaamua." Nikanyoosha mkono. Kwa adabu, shikamoo yake nilishampa tangu mlangoni. Nikasema, mzee, mimi jana nimesimama saa tano na nusu.

Ndipo akaja kwenye meza yetu. Akanyoosha kucha. Chupa ya pilipili.

Na watu wakacheka. Mama yangu mzazi kacheka, kafunika mdomo na khanga nisimwone. Nimemwona.

Nikamuuliza, na wewe mzee ulipigia kituo gani? Kimya. Kumbe ana uraia tangu enzi za Obama na HAJAJIANDIKISHA! Anaogopa eti ukijiandikisha mahakama inakuita ukakae baraza la wazee, wale raia wanaoitwa kuamua kesi! Mtu ambaye foleni ya kura hajawahi kuigusa hata kwa ncha ya kiatu, ndiye anayenibandua stika MIMI. Kwa kucha!

Nimetoka bila kuaga. Stika nimeiacha pale pale.

---

Kijiti wa Ngamiani

Nilikuwepo, meza ya tatu. Nathibitisha, chupa ya pilipili. Mimi sikucheka. Nilicheka kidogo.

---

MamaWawili

Pole mdogo wangu. Huyo kwenye kikao changu alisema keki ya ngazi tatu ni ubadhirifu, siku ya harusi akala vipande vitano. Mnajua nani nasema.

---

Mkongwe wa Bellaire

Binti, adabu kwanza. Halafu tuambiane ukweli: mtandaoni mlikuwa wengi mpaka nikadhani Sanders atachukua na mbingu. Jana kachukua California, Colorado, Utah na kwao Vermont. Mwenzake kabeba majimbo kumi. Na leo Sanders mwenyewe kasimama mbele ya waandishi kakiri kwamba vijana hawakuja kwa wingi aliotarajia. Mwenye shughuli kakiri, wewe mwalikwa unabisha nini?

---

BintiPongwe

MIMI NILIKUJA. Saa tano na nusu! Hao wasiokuja wakabanduliwe wao. Na hapa hapa mjini kuna kituo cha chuo mtu wa mwisho kapiga kura imeshapita saa saba usiku, vituo vilitakiwa kufungwa saa moja jioni. Vijana wamelala wapi, wamelala kwenye foleni! Mkongwe, wewe ulipiga?

---

Mkongwe wa Bellaire

Kura ni siri.

---

Kijiti wa Ngamiani

Hahaha! Mwingine huyo, naye anaiogopa mahakama!

---

Dogo Katy

Afadhali wewe dada, kura yako ina mwenyewe. Mimi nilijifanya mwerevu, nikapiga mapema Ijumaa tarehe 28 kukwepa foleni. Nikampa Buttigieg. Jumapili kajitoa. Nimebaki nimeishika hewa. Nani ananirudishia kura yangu? Nimeuliza, nimeambiwa ikishaingia haitoki. Mimi ndiye wa kufungua uzi, siyo wewe.

---

MamaWawili

Dogo Katy, dada yangu yuko Dallas naye yamemkuta hayo hayo na Klobuchar. Hataki kula tangu juzi.

---

Mtumiwa_Kisii

Nawasalimu kutoka Minnesota. Sasa nyinyi mnalilia foleni na stika? Huku kwetu Minnesota ndiko nyumbani kwa Klobuchar, kajitoa siku moja kabla tupige kura, na Biden akachukua jimbo. Lakini hata hiyo si kitu. 2017 kule nyumbani mchujo wa Jubilee karatasi za kura hazikutosha, watu wamepanga laini tangu asubuhi, ikatangazwa imefutwa, rudini siku nyingine. Hakuna stika. Hakuna ndizi ya nyanya yeyote. Na mtu wetu akaangushwa.

---

Kijiti wa Ngamiani

Mkenya, angalau nyie mlipanga laini. Kwetu CCM 2015 makada 42 walichukua fomu za urais. Mwananchi wa kawaida alipanga foleni wapi? Walikwenda Dodoma, wakatoka watano, na jina la Lowassa halimo. Akahamia Chadema. Sisi tulikuwa tunaangalia kwenye runinga kama mpira.

---

Mkongwe wa Bellaire

Usianze na Lowassa hapa. Vikao vya chama vina taratibu zake.

---

Kijiti wa Ngamiani

Taratibu gani? Za chupa ya pilipili?

---

Mkongwe wa Bellaire

Kijana, mimi nimekuwa mjumbe wa nyumba kumi kabla hujazaliwa.

---

Mshua wa Sugar Land

Wa kuonewa huruma ni yule mgombea bilionea, Bloomberg. Katumia zaidi ya dola milioni 500 za mfukoni mwake, kashinda visiwa vya American Samoa tu, leo kajitoa. Hela hiyo ingelipa michango ya harusi zote za Waswahili wa Texas mpaka kiyama.

---

MamaWawili

Umenikumbusha michango! Nani kaniandikia dola 300 kwenye orodha ya kamati bila kuniuliza? Nimeona jina langu leo, limepigiwa mstari na wino mwekundu kama mdaiwa sugu.

---

Dogo Katy

300 umependelewa. Mimi mwanafunzi nimeandikiwa 250 na kusogeza meza.

---

Mshua wa Sugar Land

Aliyeandika ni yule yule. Mwenye kipaza sauti. Yeye jina lake halina namba mbele, limeandikwa "ushauri."

---

BintiPongwe

Jamani, tunazungumzia stika yangu. Kaibandua kwa KUCHA.

---

MamaWawili

Tumeelewa mdogo wangu. Hiyo 300 itafutwa lini?

---

Mtumiwa_Kisii

Samahanini, hiyo pilipili ni ya dukani ama kuna mtu anapika? Huku tunakula ya chupa, haina ladha.

---

Kijiti wa Ngamiani

Inapikwa. Ni ya mama yake huyo huyo BintiPongwe, ya embe. Anauza dola 8 chupa. Ndiyo pekee iliyomalizika kikaoni, pilau ilibaki.

---

Mtumiwa_Kisii

Aniwekee nne. Posta nitalipa mimi.

---

Dogo Katy

Na mimi moja, nitafuata Jumamosi. Ile yenye stika bado ipo?

---

Mshua wa Sugar Land

Ile msiiulizie. Nimeibeba mimi, ipo kwenye friji. Imebaki nusu.