Penang: tumelipia mji mkongwe tukaishia foleni ya kupiga picha ukutani

Wakuu naandika hapa nikiwa bado na hasira. Kuna kampuni ya utalii imetuuzia pakeji ya mji mkongwe na chakula cha mtaani George Town, Penang kule Malaysia, hela yote tukalipa kabla ya kusafiri, tulichopewa ni aibu tupu.

Asubuhi nzima imeishia Armenian Street, tumepanga foleni juani tupige picha na ule mchoro wa watoto kwenye baiskeli. Mchoro wenyewe wa 2012 jamani!! Mji Waingereza wameuanzisha 1786, UNESCO wameuingiza kwenye urithi wa dunia tangu 2008, mi nimevuka bahari kuangalia rangi ya juzi? Na hapo hapo jirani upo msikiti wa Lebuh Acheh wa 1808, mnara wake una pembe nane, aliyeujenga ni Syed Hussain Al-Aidid, tajiri wa Aceh kule Sumatra, Indonesia, mwenye asili ya Hadhramaut ya Yemen, yani asili moja na masharifu wetu wa Lamu na Unguja, na mahujaji walikuwa wanakusanyika mtaa huo kusubiri meli za Jeddah. Namwomba mtembezaji tupite japo kidogo, ananijibu haumo kwenye ratiba. Ila duka la chokoleti za duriani limo, tukakalishwa humo mpaka watoto wakaanza kulia.

Chakula ndo kimenichefua zaidi. Kundi zima Waislamu, jamaa anatuambia eti halali mtaani ni shida, akatupeleka bafe ya hoteli, makaroni na soseji zilizopoa. Char kway teow, zile tambi za kukaanga za Kichina, nyingi zinakaangwa na mafuta ya nguruwe, hapo sibishi, lakini Penang ni mji wa nasi kandar, chakula cha Waislamu wa Kitamil waliokuwa wanauza wali kwa mzegazega kule bandarini! Jioni nikaenda mwenyewe, muuzaji anapakua wali, anachota mchuzi wa samaki, wa kuku, wa dengu, anamwagia yote juu mpaka wali unalowa chapachapa, pembeni bamia, na kwa hela niliyolipia sahani hiyo, kule hotelini hupati hata juisi. Mtu anatunyimaje hicho halafu anajiita mwenyeji?

Nimewaandikia warudishe hela ya chakula na ya asubuhi ile, wanasema ratiba ilifuatwa. Aliyewahi kudai kampuni za namna hii akalipwa aniambie alipitia wapi, na anayemjua mtembezaji wa kweli kule aweke hapa, kuna ndugu zetu wanaenda Desemba na hao hao.