Naomba ushauri: ratiba ya kujitunza imenielemea kuliko mawazo yenyewe

Kiza_Kinene (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Kwa muda sasa sipo sawa. Kazini naenda, watu nacheka nao, ila ndani pamekauka. Jioni nikirudi najitupa kitandani na nguo za kazi, nashika simu, nikija kushtuka ni usiku wa manane.

Nikaona nijitunze. Nikaokota ushauri huku na huko nikapanga ratiba: kuamka alfajiri, kukimbia, kutafakari, kuandika shajara, maji kwa vipimo, kitabu, kulala mapema. Nimeibandika ukutani. Sasa karatasi ile imekuwa bosi wa pili. Nikiruka kipengele kimoja tu, siku nzima najiona bure kabisa.

Kipi hapo kinasaidia kweli na kipi ni mbwembwe? Nianzie wapi? "Jikaze" nimeshaambiwa vya kutosha.

Mzee_wa_Kivuli
Pole mkuu. Bandua hiyo karatasi leo leo. Shika kimoja tu: saa ya kuamka. Sijasema ya kulala, maana usingizi hauamrishwi, ila kuamka unaweza kujilazimisha. Saa ile ile, hata siku ya mapumziko. Ukishaamka toka nje au kaa dirishani. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiwekea saa ya mwili majira, na usiku usingizi utakuja wenyewe. Mengine yasubiri.

MamaWawili
Mimi nitasema la simu. Usijiwekee ahadi ya "sitaigusa", utaigusa tu. Iondoe chumbani. Yangu inalala jikoni juu ya friji, na nimenunua saa ya kengele ya kawaida ili nisipate kisingizio. Halafu ukifika nyumbani vua nguo za kazi kabla hujakaa popote. Ukishakaa nazo jioni imekwisha.

Jembe_Halilali
Vijana wa siku hizi mnajipa magonjwa. Sali, fanya kazi, mawazo yataondoka.

MamaWawili
@Jembe_Halilali kaka, kusali nasali, na kutembea natembea. Kimoja hakimfukuzi mwenzake. Mtu kaomba ushauri, sio kesi.

Muuguzi_wa_Zamu
Mleta uzi, hoja yako ni nzito kuliko inavyoonekana. Wengi hudhani lazima hamu ije kwanza ndipo mtu afanye jambo. Ukiwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hamu haiji, utasubiri hadi uchoke. Ndiyo maana ipo tiba inayoanzia upande wa pili: unapanga kitendo kidogo, unakifanya bila hamu, na hamu inakuja nyuma yake, pole pole. Kidogo namaanisha kidogo kweli. Badala ya kukimbia, vaa viatu ufike mwisho wa mtaa, basi. Ukirudi hapo hapo bado umefanya.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Watu wakisikia hivyo wanakata tamaa. Lakini mwongozo huo huo wa 2020 unasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Kwa maoni yangu shajara na kutafakari viweke kando kwa sasa. Si vibaya, ila mtu anayejilaumu akikaa peke yake na kalamu, mara nyingi ataendelea kujilaumu kwa maandishi.

Sasa nina maswali. Hali hii imepita wiki mbili, karibu kila siku? Unakula? Vitu ulivyovipenda bado unavipenda? Na samahani kwa kuuliza waziwazi: kuna wakati unaona afadhali usiwepo?

Kiza_Kinene
Ahsanteni sana. @Muuguzi_wa_Zamu, wiki mbili zimepita zamani. Kula ni kwa kujilazimisha. Mpira niliupenda sana, siku hizi hata matokeo siulizi. La mwisho... kujidhuru sijawahi kufikiria, ila zipo siku naona hata nisipoamka hakuna kitakachopungua.

Muuguzi_wa_Zamu
Ahsante kwa kulisema. Basi mazoea haya yabaki kuwa msaada, yasiwe ndiyo matibabu. Wiki hii onana na daktari au mwanasaikolojia. Wengi wakifika pale husema "nina uchovu tu" wakarudishwa na vitamini. Wewe mwonyeshe hicho ulichoandika hapa, neno kwa neno, hasa sentensi ya mwisho. Atapima na damu pia, kwa sababu tezi ya shingo ikizembea au damu ikipungua, mtu huchoka na kupoteza hamu vivyo hivyo. Na mtu mmoja wa karibu ajue. Wazo la kujidhuru likija, usingoje miadi: piga namba ya dharura au nenda hospitali saa hiyo hiyo, na usibaki peke yako.

Mzee_wa_Kivuli
Nami naongezea: kama kuna pombe ya kutafutia usingizi, iache. Inakulaza haraka, kisha inakuamsha usiku katikati.

Kiza_Kinene
Mrejesho: nimemwambia dada yangu, amesema tutaenda pamoja Alhamisi. Karatasi nimeibandua. Nimebakiza kuamka saa kumi na mbili na nusu na kutembea kidogo. Swali dogo: kahawa ya jioni niache? Ndiyo inayonisogeza.

Muuguzi_wa_Zamu
Ya asubuhi kunywa, ya jioni acha. Kafeini ina tabia ya kukaa: baada ya saa tano hivi, karibu nusu yake bado imo mwilini. Ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado unayo. Na ukiandikiwa dawa Alhamisi, muulize daktari kuhusu kahawa pia.