Naomba ushauri: protini 38 zimetofautiana, nizitetee kwenye memware?

Mwana_Kadutu
Jambo wandugu. Niko Bukavu, namalizia memware, tasnifu yangu ya chuo, juu ya kingamwili za malaria. Nina plasma (maji ya damu) ya watoto 60 wa Uvira, kule chini kwenye joto na mbu, na 60 wa hapa kwetu mlimani. Labo moja ya ng'ambo ilizipima kwa mikroarei: kioo kidogo chenye matone ya protini 500 za Plasmodium falciparum, kijidudu cha malaria. Plasma inamwagwa juu, kingamwili zinanasa kwenye protini zinazoijua, zinapakwa rangi, kisha skana inasoma mwanga. Jana faili imefika. Protini 38 zinatofautisha Uvira na Bukavu, p chini ya 0.05, yaani bahati tu ingeleta tofauti kama hiyo chini ya mara 5 kwa 100. Direktere wangu, anayesimamia memware, anacheka tu kwa furaha. Mimi silali: hata watoto ambao hawajawahi kushuka kutoka Bukavu wanawaka karibu kila tone.

Mama_Nguba
Usitetee kwanza, mwanangu. Piga hesabu: 500 mara 0.05 ni 25. Hata kama Uvira na Bukavu hazitofautiani kitu, protini kama 25 zingekuja kwa bahati tu. Tumia sahihisho la Benjamini na Hochberg, hesabu ya kupunguza matokeo ya bahati unapopima vitu vingi kwa pamoja, uone zinabaki ngapi.
Na huko kuwaka kote: waulize protini zilitengenezwaje. Zikitoka kwenye mchuzi wa bakteria Escherichia coli bila kusafishwa, kila tone lina bakteria ndani yake, na nani asiye na kingamwili za bakteria huyo wa tumboni? Mbaya zaidi kama plasma haikuchanganywa kwanza na mchuzi huohuo ili kuzimaliza kingamwili hizo. Tazama matone yasiyo na protini ya malaria.

Mwana_Kadutu
Asante Mama. Nimetazama. Yanawaka!

Fundi_wa_Labo
Basi mwanga wa matone hayo uutoe kwenye mengine. Ila mdogo wangu, vioo vyote vilipimwa siku moja?

Mwana_Kadutu
Ngoja... Uvira Jumanne. Bukavu Ijumaa.

Fundi_wa_Labo
Hapo ndipo pagumu. Rangi mpya, skana iliyorekebishwa upya, na tofauti ya siku inavaa sura ya tofauti ya mahali. Hakuna programu itakayozitenganisha. Watoto wachache wa pande zote wapimwe tena kwa siku moja, wakiwa wamechanganywa, na anayepima asijue nani ni wa wapi. Halafu AMA1 na MSP1, protini za malaria zinazojulikana sana, zimo kwenye zile 38? Kingamwili za hizo hupanda kwa mtoto anayeumwaumwa malaria. Zisipokuwemo, mimi ningetilia shaka orodha yote.

Mama_Nguba
Na umri wao? Wa chini ya miezi 6 bado wanatembea na kingamwili za mama zao.

Mwana_Kadutu
Mdogo kabisa ana miaka 2. MSP1 imo, AMA1 hapana. Nimewaandikia wale wa labo: wamebaki na vioo vya kupima watoto 24, na plasma bado wanayo, afadhali, maana friji ya hapa na kuran hii ya umeme mnaijua. Direktere sijamwambia.

Mama_Nguba
Mwambie leo, kabla hajawaita wajuri wa kuihukumu memware.