Nina akiba ya kiwanja laki 8 na nusu na deni la kausha damu (mkopo wa mtaani wa riba kubwa) laki 6, nivunje akiba au niendelee na vyote viwili?

Nesi wa Kanda ya Ziwa

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mawazo yenu maana hapa ndani mimi na mume wangu tumegawanyika na kila mtu ana hoja yake.

Mimi ni muuguzi wa serikali huku Kahama, mshahara ukishakatwa kila kitu (Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, mkopo wa benki, hifadhi ya jamii, bima) nabaki na kama laki 5 na nusu. La benki siliulizii sana, lile linakatwa juu kwa juu na bado lina miaka mitatu, nishalizoea. Linalonikosesha usingizi ni lingine. Mwezi wa 4 mama alifanyiwa upasuaji na hela ilitakiwa haraka, nikachukua laki 6 kwa mkopeshaji mmoja hapa mjini kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Makubaliano ni kwamba kama huna yote unalipa riba tu, yaani laki na ishirini, deni lenyewe linabaki palepale. Tangu hapo nalipa riba tu. Kadi ya benki anayo yeye na namba ya siri anayo, mshahara ukiingia anatoa chake kwanza, kinachobaki natoa mimi kwa simu. Kwa vile kinachobaki hakifiki mwisho wa mwezi nimejikuta na mikopo ya simu pia, ukijumlisha inafika kama laki na themanini.

Upande wa pili nina laki 8 na nusu UTT (taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja) kwenye mfuko wa Ukwasi, ni hela ya kiwanja tuliyoanza kuiweka kabla mama hajaumwa, na kila mwezi naongeza elfu 60, sijawahi kuruka. Pia nacheza mchezo kazini, yaani tunachangishana na kupokezana kwa zamu, elfu 40 kwa mwezi, tuko kumi, mimi ni namba 8 na sasa hivi anapokea wa 3.

Mume anasema hela ya kiwanja haiguswi, ukishaivunja hairudi, tutabaki wapangaji mpaka uzeeni. Mimi naona kama tunajidanganya lakini nikimtazama hata yeye ana pointi. Nifanyeje?

Mhasibu wa Mtaa

Dada pole na mama pia, naamini anaendelea vizuri. Hili swali lina jibu la hesabu kwahiyo ngoja niweke hesabu hapa umuonyeshe na shemeji.

Laki 8 na nusu yako huko Ukwasi, tuseme inakupa asilimia 12 kwa mwaka, hiyo ni kama elfu 8 na mia 5 kwa mwezi. Deni lako linakula laki na ishirini kwa mwezi. Sasa hapo akiba inakuingizia elfu 8 huku mlango wa pili inatoka laki na ishirini, na wewe unaona unaweka akiba kwa sababu salio la UTT linapanda.

Chukua miezi mitano mbele. Ukiendelea kama ulivyo utakuwa na 850,000 + 300,000 = 1,150,000 UTT (faida yake ndogo tuiache), lakini bado unadaiwa 600,000 na ya simu 180,000, ukitoa hapo mali yako halisi ni 370,000. Ukiuza vipande (sehemu zako kwenye mfuko) vya laki 6 leo ukalipa, unabaki na laki 2 na nusu UTT, halafu ile laki na ishirini ya riba ni yako, ukijumlisha na elfu 60 unayoweka kila mwezi una laki na themanini kwa mwezi. Mwezi wa kwanza inamaliza mikopo ya simu. Miezi minne inayofuata inaingia UTT, laki 7 na elfu 20. Mwezi wa tano una 970,000 na hudaiwi na mtu zaidi ya benki.

970 na 370. Tofauti laki 6, ambayo ni riba ya miezi mitano hiyo hiyo. Kiwanja kinakuja haraka zaidi ukivunja akiba, sio kinachelewa.

mama wawili

Hesabu ya mkuu hapo juu ni sahihi ila naomba mnisikilize upande wa mume wake maana watu wengi wanamuona mume ndo hajui hesabu. Anaposema ukivunja hairudi anaongelea kitu cha kweli kabisa, hela ya riba ukiacha kuilipa haikai mfukoni ikisubiri uiweke akiba, inapata kazi, mara ada ya mdogo wako, mara mchango wa harusi, mara kitchen party ya mtu wa wodini, mwezi wa tatu unatafuta laki na ishirini huioni. Mkopeshaji alikuwa anaichukua kwa nguvu kwa sababu ana kadi, wewe mwenyewe nani atakushika?

Kwahiyo lipa, lakini siku hiyo hiyo unayolipa nenda benki uandikishe makato ya kudumu, mshahara ukiingia tu laki na themanini iende yenyewe kabla hujaiona. Mwezi wa kwanza hiyo hiyo elekeza kumaliza ya simu. Na ile laki 2 na nusu inayobaki usiimalizie kwenye mikopo ya simu hata kama inatosha. Najua kuna watakaosema lipa vyote leo ubaki na elfu 70. Mama katoka upasuaji, anahitaji kliniki, dawa, nauli, ikitokea usiku wa manane huna kitu unarudi kwa yule yule bwana wa asilimia 20. Hiyo laki 2 na nusu ndo inakuzuia usirudi, kwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani naona ina kazi kubwa kuliko kiwanja.

Ngosha77

Kwanini usifanye top up benki, yaani uongeze ule mkopo ulionao? Riba ya benki kwa watumishi ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo, unachukua milioni unafuta madeni yote na UTT haiguswi, kila mtu nyumbani anafurahi.

Mhasibu wa Mtaa

@Ngosha77 kama asingekuwa na akiba ningemwambia atop up hata kesho, kwa sababu asilimia 20 kwa mwezi haina mpinzani. Lakini ana hela. Akitop up mkopo uliobaki miaka mitatu unaanza upya, labda mitano au saba, na kuna ada ya mkopo na bima yake vinakatwa hapo hapo. Deni ambalo angelimaliza wiki hii linamfuata miaka yote hiyo. Halafu kuna moja ya tatu, mtumishi hatakiwi kukatwa mpaka abaki chini ya theluthi ya mshahara wake, na Bodi ya Mikopo peke yake inachukua asilimia 15, inawezekana hata nafasi ya kuongeza hana.

mwanahisa

Mimi naongelea mchezo maana naona mmeuruka. Elfu 40 mara kumi ni laki 4. Ongea na kijumbe wenu (anayesimamia mchezo), muulize kama kuna mtu wa namba 4 au 5 anayeweza kukubali kubadilishana na wewe. Kwenye michezo ya maofisini lazima kuna mtu anayetaka kupokea mwishoni, kuna wanaotaka iangukie mwezi wa kwanza kwa ajili ya ada. Ukipata namba ya 4 unapokea laki 4 mwezi ujao, hapo UTT unatoa laki 2 tu badala ya 6 na mume wako hata presha haipandi. Ila ujue ukishapokea mapema unaendelea kutoa elfu 40 mpaka wa mwisho, kwahiyo ni mkopo usio na riba kutoka kwa wenzako, usije ukaacha kutoa.

Kikwazo ni kwamba kusubiri mwezi mmoja kunakugharimu riba nyingine ya laki na ishirini. Mimi ningetoa UTT leo nilipe, halafu laki 4 ya mchezo ikija inarudi UTT yote.

Na baada ya hapo jiunge SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya watumishi kama ipo hapo halmashauri. Kwetu sisi unakopa mpaka mara tatu ya akiba yako na kuna mkopo wa dharura unatoka ndani ya siku chache, riba inahesabiwa kwenye deni linalobaki, inapungua kadri unavyolipa. Hiyo ndo ingemtibu mama.

wakili msomi wa baadaye

Nimesoma yote hakuna aliyeuliza swali la kwanza, huyo mkopeshaji ana leseni? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mtu yeyote anayefanya biashara ya kukopesha, hata kama ni mtu binafsi, anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu (BoT), wanaitwa daraja la pili. Na BoT imeweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi kwa hao. Kwa laki 6 hiyo ni elfu 21. Wewe unalipa laki na ishirini. Mwezi wa 11 mwaka 2024 BoT walitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, kwahiyo hata hiyo ya simu angalia kama kuna ambayo iko humo.

Sisemi usilipe, ulichukua hela yake na mama katibiwa. Lakini mtu anayejua ukomo wa sheria anaongea na mkopeshaji akiwa amekaa wima. Mwambie nina laki 6 yote mkononi, tumalize leo, riba ya mwezi huu isamehe kwa ulichokwisha pokea. Wengi wanakubali, wanajua wakipelekwa mbali hawana karatasi.

La kadi ndo limenisikitisha zaidi. Mtu ana kadi yako na namba yako ya siri, siku hela ikipotea benki watakuuliza ulimpa nani, na masharti ya akaunti yanakukataza kumpa mtu namba hiyo.

Nesi wa Kanda ya Ziwa

Asanteni sana wote, kwa kweli mmenisaidia. Nimekaa na mume jana usiku tukapitia zile hesabu za 970 na 370 kwa kalamu, alizirudia mara mbili akitafuta kosa halafu akanyamaza. Amekubali kwa sharti moja, ile laki na themanini isipite mikononi mwetu, iende yenyewe kama alivyosema mama wawili. Nimeomba kuuza vipande vya laki 6, wameniambia ni ndani ya siku 3 za kazi. Kijumbe anamuulizia mwenye namba 5, huyo ana mtoto anaingia kidato cha kwanza mwezi wa kwanza kwahiyo anaweza kukubali.

Swali dogo la mwisho, leseni sijamuuliza, naogopa akikasirika atakomba mshahara wote kwa kadi kabla sijamlipa. Nianzie wapi?

wakili msomi wa baadaye

Anzia benki dada, kabla ya kumuona. Nenda na kitambulisho waambie unataka kadi ile ifungwe na upewe nyingine, usisubiri tarehe za mshahara. Ukishahakikisha kadi ya zamani haifanyi kazi ndo unamtafuta, uende na mume wako au ndugu mtu mzima. Mlipe kwa simu au benki ili kumbukumbu ibaki, usimpe keshi. Aandike na kusaini kwamba deni limeisha, na tarehe, na ule mkataba au karatasi uliyosaini mwanzo akurudishie mkononi. Kama aliweka fomu ya dhamana ya kitu chochote cha ndani, fremu, friji, chochote, hiyo nayo idai hapo hapo kabla hamjaachana.

mama wawili

Na kadi mpya ukipata, namba ya siri usimpe hata mume 😊 Msalimie mama.